Kuolewa na Kuozwa: Ridhaa ya Binti Mdogo katika Sheria ya Kiyahudi

1. Utangulizi

Kitenzi "oa" kina tabia ambayo kila mwalimu wa sarufi ya Kiswahili hana budi kuieleza darasani. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, baba huoza na binti huozwa. Mzizi ni mmoja, lakini kila mnyambuliko humpa mhusika mahali pake katika tendo. Katika "olewa" mwanamke ndiye anayetendwa, na anayemtenda ni mumewe. Katika "ozwa" yupo mtu wa tatu, asiyeoa wala asiyeolewa, naye ndiye mtendaji hasa. Tukiambiwa kwamba fulani ameolewa, twaweza kudhani kuwa aliulizwa naye akakubali. Tukiambiwa kwamba ameozwa, hapo shaka huingia.

Makala haya yanakusudia kulifuata swali hilo katika historia ya sheria ya Kiyahudi. Je, binti aliye mdogo huolewa au huozwa? Na ikiwa huozwa, neno lake mwenyewe lina uzito gani? Zipo sababu mbili za kuichagua sheria hiyo. Ya kwanza ni kwamba imeandikwa na kujadiliwa mfululizo kwa muda wa miaka 1,800 hivi tangu Mishna ilipokusanywa, kwa hiyo twaweza kulifuata swali moja kizazi baada ya kizazi. Ya pili ni kwamba wanazuoni wake walikuwa watu wa lugha kama sisi. Waliweza kuijenga hukumu nzima juu ya kauli ya kitenzi kimoja.

Rai itakayotetewa hapa ni hii. Ridhaa ya binti si wazo lililozuliwa na nyakati zetu. Lilijulikana na kuhubiriwa tangu kale. Kilichokosekana ni matokeo ya kulivunja. Wanazuoni walisema kwamba kumwoza binti mdogo hakufai, lakini hawakusema kwamba ndoa hiyo haifungi. Kati ya "haifai" na "haifungi" pana pengo, na katika pengo hilo wameingia wasichana wengi.

2. Istilahi na umri

Kwanza yafaa tueleze istilahi. Sheria ya Kiyahudi humgawa msichana katika daraja tatu. Ketana ni mtoto ambaye hajatimiza miaka 12. Naara ni yule aliyetimiza miaka 12 na kuonyesha dalili za kubalehe mwilini. Naye hukaa katika daraja hiyo kwa miezi 6 tu. Baada ya hapo huwa bogereti, yaani mwanamke mzima aliye na amri juu ya nafsi yake. Kiswahili kina maneno yanayokaribia daraja hizo, kama vile kigori na mwari. Lakini maneno yetu hufuata kuvunja ungo na mafunzo ya unyago, ilhali sheria hiyo huhesabu miaka pamoja na dalili nyingine za mwili. Kwa hiyo nitayatumia maneno ya Kiebrania pale itakapolazimu.

Ndoa nayo ina hatua mbili. Hatua ya kwanza huitwa kidushini. Mtu asiifananishe na uchumba wetu, kwa maana uchumba huvunjwa kwa kurudisha posa, lakini kidushini haivunjwi ila kwa hati ya talaka au kwa kifo. Mwanamke aliyefungwa kwa kidushini ni mke wa mtu, hata kama hajahamia kwa mumewe. Hatua ya pili, nisuini, ni kuingia katika nyumba ya mume. Katika zama za Talmudi hatua hizi aghalabu zilitengana, na mwanamwali alipewa miezi 12 ya kujitayarisha. Katika karne za kati zikaunganishwa kuwa sherehe moja.

Tofauti moja isisahaulike. Mvulana asiyetimiza miaka 13 hawezi kufunga kidushini, na babaye hawezi kumfungia. Ndoa ya mvulana mdogo si ndoa. Kwa upande wa mvulana, basi, sheria ilijua vyema namna ya kusema kwamba jambo halifungi. Ugumu ulikuwa kwa msichana peke yake.

3. Mamlaka ya baba

Torati haina sura inayotaja ridhaa ya binti kama sharti la ndoa. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 21, chazungumza juu ya baba anayemuuza bintiye awe mjakazi, na kumwekea bwana aliyemnunua masharti iwapo atamchukua kuwa mke. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, chamwonyesha baba akisimama mbele ya wazee na kutamka kwamba yeye ndiye aliyempa mtu huyo binti yake. Kutokana na tamko hilo wanazuoni wa baadaye walipata kanuni mbili: kwamba baba aweza kumwoza bintiye aliye mdogo, na kwamba akisema amemwoza, huaminiwa. Kanuni hii ya pili tutairudia, kwa sababu ilizuka tena karibu na nyakati zetu kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia.

Ipo pia habari ya Rebeka katika Mwanzo 24. Ndugu na mamaye, baada ya kukubaliana na mtumishi wa Ibrahimu, wanaamua kumwita msichana na kumwuliza yeye mwenyewe, naye anajibu kwamba atakwenda. Wafasiri wa Kiyahudi, na Rashi miongoni mwao katika karne ya 11, walitoa funzo hapa kwamba mwanamke haozwi ila kwa kauli yake. Lakini ni funzo lililotolewa katika hadithi, si katika amri. Isitoshe, walioshauriana hapo ni ndugu na mama.

Mishna, iliyokusanywa mnamo mwaka 200, iliyaweka mambo wazi zaidi. Katika kitabu cha Ketuboti twasoma kwamba baba ana mamlaka juu ya kidushini ya bintiye, awe ketana au naara. Ni yake mapato ya kazi ya mikono yake na kitu atakachookota, na ni baba anayepokea hati ya talaka kwa niaba yake. Katika kitabu cha Kidushini twasoma kwamba mwanamke mzima hufungwa kwa nafsi yake au kwa wakili wake, na kwamba baba naye aweza kumfunga bintiye kwa nafsi yake au kwa wakili. Kwa maneno mengine, ridhaa ni sharti, lakini ridhaa ya baba husimama mahali pa ridhaa ya mtoto.

4. Hoja ya kitenzi

Hapa ndipo wanazuoni wa Talmudi ya Babeli walipofanya jambo litakalomfurahisha kila msomaji wa jarida hili. Kitabu cha Kidushini hufunguka kwa kueleza njia tatu za kufunga ndoa: kwa fedha, kwa hati na kwa kujamiiana. Lakini Mishna haisemi kwamba mwanamume humpata mwanamke kwa njia hizo. Husema kwamba mwanamke hupatikana. Wanazuoni wakauliza: kwa nini mwandishi aliiacha kauli ya kutenda? Jibu lao ni kwamba kauli ya kutenda ingaliweza kumfanya mtu adhani kuwa mwanamume aweza kumchukua mwanamke hata asipotaka. Kwa kumfanya mwanamke kuwa kiima cha sentensi, Mishna yafundisha kwamba pasipo ridhaa yake hapana ndoa.

Kwetu sisi hoja hiyo yashangaza. Tumezoea kwamba kauli ya kutendwa ni kauli ya mnyonge, ya yule anayepatwa na jambo. Lakini umbo la Kiebrania lililotumika hapo hubeba zaidi ya kutendwa. Hubeba pia maana ya jambo linalotokea kwa upande wa mhusika mwenyewe, karibu na "patikana" na "tendeka" katika Kiswahili. Mlango usiofunguka si sawa na mlango usiofunguliwa, kwani huo wa kwanza una neno lake katika jambo hilo. Wanazuoni wa Babeli walimsikia mwanamke katika umbo la kitenzi na kumpa nafasi ya kukataa.

Hata hivyo hoja hiyo ilimsaidia mwanamke mzima tu. Ketana aliye na baba alibaki nje yake, kwa sababu katika habari yake kitenzi kilikuwa na mtendaji mwingine. Huyo hakupatikana. Aliozwa.

5. Yatima na haki ya kukataa

Ajabu ni kwamba binti aliyekuwa na haki zaidi ni yule aliyefiwa. Mamlaka ya Torati yalikuwa ya baba peke yake. Alipokufa, mama na ndugu hawakuyarithi. Hata hivyo wanazuoni waliwapa ruhusa ya kumwoza yatima mdogo, kwa hofu kwamba binti asiye na mlinzi angefanyiwa ovyo na watu. Lakini kwa kuwa ndoa hiyo ilisimama juu ya amri ya wanazuoni wala si ya Torati, waliiwekea mlango wa kutokea. Mlango huo huitwa miuni, yaani kukataa.

Sura ya 13 ya kitabu cha Yevamoti imeutumia ukurasa baada ya ukurasa kwa jambo hili. Yatima aliyeozwa na mamaye au nduguze kwa kukubali kwake aweza, kabla hajabalehe, kutamka kwamba hamtaki mume huyo. Kwa tamko hilo ndoa huondoka kana kwamba haikuwapo. Hahitaji hati ya talaka, na akitaka aweza hata kuolewa na jamaa wa mume yule, jambo lisiloruhusiwa kwa mtalaka. Ikiwa aliozwa bila kukubali, hana haja hata ya kukataa. Rabi Hanina ben Antigonus aliongeza kwamba mtoto asiyeweza hata kukitunza kile alichopewa kuwa kidushini hana haja ya kukataa, kwa maana hakufungwa na kitu.

Shule mbili kuu za wakati ule zilishindana juu ya upana wa mlango huo. Wafuasi wa Shammai walitaka kukataa kuwe mbele ya baraza, mbele ya mume, mara moja, na kabla ya kuingia nyumbani kwake. Wafuasi wa Hillel walisema mahali popote, mume awepo asiwepo, baada ya kuingia pia, na hata mara nne au tano. Shule ya Shammai ilijibu kwamba binti za Israeli si mali iliyotupwa. Tusiwaone hao kuwa wakatili. Walichoogopa ni kwamba mtoto atapitishwa mkono kwa mkono, kutoka ndoa hadi ndoa, kwa jina la uhuru wake. Shule ya Hillel nayo iliogopa kwamba masharti mengi yatamfunga mtoto mdomo. Kila upande ulikuwa na hofu ya haki, na hofu zote mbili zingali hai popote watu wanapotunga sheria za watoto.

Mapokeo ya Talmudi yaliendelea kuulegeza utaratibu. Kwa rai ya Rabi Yehuda, binti aliyekalishwa katika machela ya arusi akipelekwa kwa mume, akisema njiani kwamba hamtaki, amekwisha kukataa. Vivyo hivyo akiwa amesimama nyumbani akiwahudumia wageni wa mumewe kinywaji. Mwanawe Yehuda, Rabi Yose, alifika mbali zaidi: mume akimtuma dukani kumletea kitu, naye akasema dukani hapo kwamba hamtaki mume huyu, hapana kukataa kukubwa kuliko huko. Sheria inayomsikiliza mtoto akinong'ona dukani ni sheria iliyojua kwamba mtoto hana uwezo wa kwenda barazani.

Istilahi moja ya sura hiyo yastahili kutajwa. Binti aliyeozwa na babaye, akaingia kwa mume, kisha akaachwa angali mdogo, huitwa yatima katika uhai wa baba. Baba yu hai, lakini mamlaka yake ya kumwoza yamekwisha kwa ndoa ile ya kwanza. Basi binti huyo, akiozwa tena, ana haki ya kukataa. Ilimpasa mtoto awe yatima, kwa kweli au kwa istilahi, ndipo neno lake lisikike.

6. Haifai, lakini yafunga

Na yule aliye na baba? Katika kitabu cha Kidushini yametajwa maneno ya Rav, mwanazuoni aliyeanzisha chuo cha Sura huko Babeli katika karne ya 3. Wengine huyanasibisha na Rabi Elazar. Alifundisha kwamba ni marufuku kwa mtu kumfunga bintiye angali mdogo, mpaka akue na kutamka mwenyewe kwamba amtaka fulani. Hukumu haikuweza kuwa wazi zaidi. Lakini tuitazame inavyofanya kazi. Imekataza tendo, haikutangua matokeo yake. Baba asiyeijali ametenda vibaya, na bintiye ni mke wa mtu.

Msomaji aliyesoma fikihi atalitambua jambo hili, kwa maana si kila kilicho haramu ni batili. Rav mwenyewe alikuwa na desturi ya kuwaadhibu kwa mijeledi watu waliofunga ndoa kwa kujamiiana, au sokoni, au bila posa iliyotangulia. Aliwachapa, lakini ndoa zao hakuzitangua.

Je, wanazuoni hawakuwa na uwezo wa kutangua? Walikuwa nao, na waliutumia. Yevamoti yasimulia habari ya mji wa Naresh, ambako yatima aliyefungwa akiwa mdogo alikua, akawekwa kwenye kiti cha arusi na mumewe, kisha akaja mwanamume mwingine akamnyakua na kumfunga yeye. Wanafunzi wa Rav hawakudai hata hati ya talaka kwa huyo wa pili. Rav Ashi alieleza sababu: mnyakuzi alitenda isivyostahili, basi wanazuoni nao wakamtendea isivyo kawaida na kumwondolea kidushini yake. Katika Bava Batra hoja hiyo hiyo ilitolewa na mwanawe, Mar bar Rav Ashi, juu ya mwanamke aliyelazimishwa kwa mateso akubali kuolewa. Ameimar aliona kwamba ndoa hiyo yafunga. Mar bar Rav Ashi alikataa, na rai yake ndiyo iliyofuatwa. Maimonides katika karne ya 12 aliandika bayana kwamba mwanamke aliyelazimishwa hakufungwa.

Chombo, basi, kilikuwapo. Kilitumiwa dhidi ya mnyakuzi na dhidi ya mtesaji. Hakikutumiwa dhidi ya baba. Maimonides huyo huyo, alipofika kwa binti mdogo, alirudia fundisho la Rav kwa maneno ya upole: baba ana uwezo wa kumwoza kwa yeyote amtakaye, lakini si vyema kufanya hivyo. Mnyakuzi na mtesaji walionekana kuwa adui wa msichana. Baba alihesabiwa kuwa mlinzi wake, na sheria haikuwa tayari kuandika kwamba mlinzi naye aweza kuwa mtu wa kuogopwa.

Tusiwahukumu Wayahudi peke yao kwa jambo lililokuwa la ulimwengu mzima. Sheria ya Kirumi iliweka miaka 12 kwa msichana, na sheria ya kanisa la magharibi ikaifuata. Uingereza ilibakiza umri huo huo hadi 1929, ilipoupandisha kuwa 16. Linalotupendeza katika sheria ya Kiyahudi ni kwamba dhamiri yake iliandikwa kando ya kanuni yake, hata tukaweza kuziona zote mbili.

7. Uhamisho na umaskini

Fundisho la Rav lilivunjwa wazi wazi katika Ulaya. Walimu wa Ufaransa wa karne ya 12 na 13, waliotunga maelezo ya Talmudi yaitwayo Tosafoti, walikiri kwamba watu wao walikuwa wakiwafunga mabinti wangali wadogo, wakatoa sababu. Uhamisho, walisema, wazidi kutulemea siku baada ya siku. Mtu akiwa leo na uwezo wa kumtolea bintiye mali ya arusi, huenda kesho asiwe nao, na binti akabaki bila mume maisha yake yote.

Si udhuru wa kubuni. Mwaka 1096 jamii za Kiyahudi za Mainz na Worms ziliangamizwa na watu wa vita vya msalaba. Mwaka 1171 Wayahudi wa Blois walichomwa moto kwa tuhuma ya uongo. Mwaka 1182 mfalme Philip Augustus aliwafukuza Wayahudi katika milki yake na kutwaa mali zao. Katika hali kama hiyo, baba aliyemwoza mtoto huenda alikuwa akimtafutia mahali pa kujisitiri kabla nyumba haijaanguka. Lakini hatuna budi kuona kilichotendeka katika hoja. Hofu ya baba ilipewa uzito wa sheria, na kauli ya binti haikuulizwa. Waliolipia msiba wa jamii nzima ni wale waliokuwa wadogo kuliko wote.

Joseph Karo, aliyetunga Shulkan Aruki huko Safed, kitabu kilichopigwa chapa mara ya kwanza Venice mwaka 1565, alirudia kwamba ni wajibu kumngoja binti akue. Moses Isserles wa Krakow, aliyeiongezea maelezo kwa ajili ya Wayahudi wa kaskazini, akatia pale pale desturi ya kuwafunga wadogo kwa sababu ya uhamisho na uhaba wa mali. Katika ukurasa mmoja twasoma fundisho pamoja na udhuru wake.

Linalostahili kutajwa hapa ni kwamba Ulaya hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuipa ridhaa ya mwanamke nguvu kubwa katika jambo jingine. Mnamo mwaka 1000 Rabi Gershom wa Mainz alipiga marufuku mume kuoa mke wa pili na kumwacha mke asiyetaka kuachwa. Mke hakuweza kutolewa katika ndoa bila kauli yake, lakini mtoto aliweza kuingizwa bila kauli yake.

Kadhalika mlango wa yatima ulianza kufungwa. Menachem wa Merseburg, katika karne ya 14, alipinga miuni isifanywe tena. Mwishoni mwa karne ya 15, Jacob Pollak wa Prague alimruhusu dada mdogo wa mkewe akatae mumewe. Marabi wengi walimpinga vikali, na miongoni mwao alikuwa Judah Minz wa Padua. Isserles alipoandika, alieleza kwamba wapo waliosema miuni isifanywe katika zama hizo. Hatari yenyewe haikuwa ndogo. Binti aliyekwisha kubalehe akiondoka bila hati ya talaka kisha akaolewa kwingine, watoto wake wa pili huhesabiwa kuwa wanaharamu, na kosa la miezi michache katika umri lingetosha kuleta msiba huo. Lakini matokeo yake ni kwamba haki pekee aliyokuwa nayo mtoto ilififia wakati ule ule ambapo mamlaka ya baba yalipata udhuru mpya.

8. Karne ya 20

Katika Yemeni desturi ya kuwaoza watoto ilidumu hadi karne ya 20, na hapo pia hofu ilikuwa na sehemu yake. Maimamu wa nchi hiyo walitoa amri kwamba mtoto wa Kiyahudi aliyebaki yatima kabla ya kubalehe achukuliwe na kulelewa katika Uislamu. Mtoto aliyekwisha kuozwa alihesabiwa kuwa mtu mzima, hakuchukuliwa. Kwa hiyo jamii iliwaoza mayatima ili isiwapoteze. Kati ya 1949 na 1950 Wayahudi wapatao 49,000 wa Yemeni walihamishiwa Israeli, na swali likahamia pamoja nao.

Mwaka 1950 marabi walikutana Yerusalemu chini ya marabi wakuu Herzog na Uziel, wakapiga marufuku kumfunga msichana aliye chini ya miaka 16, baba naye akakatazwa kumwoza. Mwaka huo huo bunge la Israeli lilipitisha sheria ya umri wa ndoa iliyoweka miaka 17 kwa msichana. Mwaka 2013 umri ukapandishwa kuwa 18 kwa wote, na mahakama ikaachiwa nafasi ya kuruhusu walio na miaka 16 kwa sababu maalumu.

Lakini tuangalie maneno. Amri ya marabi ilikataza. Sheria ya bunge ilimwadhibu anayefungisha ndoa hiyo na kuifanya kuwa sababu ya kuomba ivunjwe. Wala amri ya marabi wala sheria hiyo ya 1950 haikusema kwamba ndoa yenyewe si ndoa. Baada ya miaka zaidi ya 1,600, tofauti aliyoiacha Rav ilikuwa ingali mahali pake.

Kwamba tofauti hiyo si mchezo wa wanazuoni kulionekana New York katika miaka ya 1990. Baadhi ya akina baba waliokuwa katika ugomvi wa talaka walitangaza kwamba wamewafunga mabinti zao wadogo kwa wanaume wasiotajwa majina. Shabaha ilikuwa kumtesa mama mpaka akubali masharti, kwa maana binti aliyefungwa kwa mume asiyejulikana hawezi kuolewa na mtu mwingine maisha yake yote. Walitumia ile kanuni ya kale kwamba baba akisema amemwoza bintiye, huaminiwa. Marabi wa mielekeo mbalimbali walilishutumu jambo hilo, wakatafuta njia za kuliondolea nguvu. Lakini iliwabidi kutafuta. Kanuni iliyodhaniwa kuwa imelala ilipoitwa iliamka, kwa sababu katika karne zote hizo hakuna aliyeizika.

9. Hitimisho

Mambo matatu yanatokana na uchunguzi huu. La kwanza lawahusu watafsiri. Maneno kama miuni na kidushini hayawezi kuwekwa katika Kiswahili kwa neno moja bila hatari. Tukitafsiri kidushini kwa "uchumba", msomaji hataelewa kwa nini mtoto ahitaji talaka. Tukitafsiri miuni kwa "talaka", tunaifuta hoja yote, kwa kuwa miuni husema kwamba ndoa haikuwapo. Lugha ya fikihi ingeweza kutusaidia, maana katika madhehebu ya Hanafi mdogo aliyeozwa na walii asiye baba wala babu ana hiari, akibalehe, ya kwenda kwa kadhi kuomba ndoa itanguliwe. Lakini hiari hiyo huanza pale miuni inapokoma. Mmoja hukataa kabla ya kubalehe, mwingine baada yake. Isitoshe, Waislamu wa pwani yetu wengi ni Shafi, na katika madhehebu hayo walii asiye baba wala babu hana ruhusa ya kumwoza yatima mdogo hata kidogo. Kwa hiyo jambo lenyewe ni geni kwao.

La pili lawahusu wanahistoria. Si kweli kwamba watu wa kale hawakujua ridhaa ni nini. Walijua hata wakaisikia katika umbo la kitenzi. Anayetaka kueleza kwa nini watoto waliozwa asitafute ujinga. Atafute hofu, umaskini na heshima iliyopita kiasi kwa mamlaka ya mlinzi.

La tatu latuhusu sote. Fundisho zuri likikaa kando ya kanuni bila kuigusa, kanuni ndiyo itakayodumu. Rav alisema haifai, na baada yake Maimonides, Karo na marabi wa 1950 wakasema haifai kila mmoja kwa namna yake, nao wote walikuwa wakweli. Lakini binti aliyefungwa hakuuliza kama ndoa yake yafaa. Aliuliza kama yamfunga, na jibu la swali hilo halikubadilika. Mwenye kutunga sheria leo, kwa lugha yoyote ile, na atazame kitenzi chake cha mwisho, kwa kuwa ndicho kitakachoamua kama msichana ameolewa au ameozwa.